Uzi: Miksi yako haikai kwa sababu wimbo haujaisha. Tuongee utaratibu wa kazi kwenye studio ya nyumbani

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za saa hizi.

Kuna swali linajirudia sana: ninunue plagini (programu ndogo ya kuchakata sauti) gani, kompresa (ya kubana sauti kubwa na ndogo zikaribiane) ipi, niongeze nini ili wimbo wangu ujae kama za wakubwa. Jibu langu huwa halipendwi. Mara nyingi hakuna cha kuongeza. Wimbo wenyewe bado haujamalizika kutungwa, na mtu tayari anahangaika na ikwalaiza (ya kupandisha na kushusha frikwensi) ya kiki, ile ngoma nzito ya chini.

Ukiwa na studio ya nyumbani, wewe ndiye mtunzi, mpigaji, mwimbaji, fundi mitambo na msikilizaji wa kwanza. Kwenye studio kubwa hizo ni kazi za watu tofauti, tena za siku tofauti. Sisi tunazifanya kwa mkupuo mmoja. Unaandika mstari, unarekodi, unasikia "s" zinachoma, unafungua plagini kutafuta dawa ya "s", na ukirudi kwenye mstari wa pili wazo limeshaota mbawa. Uzi huu ni wa kutenganisha hizo kazi. Najua kuna wataobisha, karibuni.

Kutunga

Wimbo usimame kwa sauti na ala moja. Gitaa, kinanda, hata kugonga meza. Rekodi kwa simu, zima, kesho yake sikiliza. Kama kiitikio hakikai kichwani bila besi na bila riverbu (mwangwi wa ukumbi), treki 80 hazitakiokoa.

Mwaka 1979 TASCAM walitoa Portastudio 144, mashine ya kaseti yenye treki 4 ambayo mtu angeweza kuiweka mezani kwake. Treki nne maana yake unaamua mapema. Ukitaka ya tano, unazichanganya zilizotangulia ziwe moja, na ukishachanganya hakuna kurudi. Leo programu inakupa treki kadiri kompyuta inavyobeba, kwa hiyo maamuzi yote tunayasukuma hadi siku ya miksi, yaani ya kuchanganya treki zote. Ndiyo maana siku ya miksi inageuka wiki tatu.

Halafu kuna jambo ambalo video za mafunzo hazikwambii kwa sababu hazikutengenezwa kwa ajili ya watu wanaoimba Kiswahili: mkazo. Kwetu mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Na-ku-PEN-da. Ukiangusha pigo zito juu ya "-da", neno linapinda. Msikilizaji hajui kilichomkera, anasema tu sauti haijakaa kwenye biti. Wewe unapandisha sauti desibeli 2, unaongeza kompresa, wapi. Kosa liko kwenye mstari. Sogeza mstari uanze nusu pigo mapema, au ongeza neno fupi mbele yake, au geuza mpangilio wa maneno. Hii nakwambia inatatua matatizo mengi ya "miksi" kuliko plagini yoyote.

Na vina. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwenye irabu, vitenzi vingi vinaishia na "-a", kwa hiyo kina cha "-a" peke yake ni cha bure, hakimshtui mtu. Zikutanishe silabi mbili za mwisho: penda, tenda, kwenda. Faida ya pili ya irabu zetu ni kwamba noti ndefu ina mahali pa kukaa. Ila chagua irabu: waimbaji wengi wanafunguka zaidi kwenye "a" ya juu kuliko kwenye "i" au "u". Mwimbaji akikaba pale juu, kabla ya kushusha funguo jaribu kwanza kubadilisha neno.

Mpangilio wa ala

Gitaa, kinanda na sinthi zote zikicheza noti za kati, na sauti ya mwimbaji ipo hapo hapo, utakata frikwensi mpaka uchoke. Pandisha kinanda oktavu moja. Au mnyamazishe kabisa kwenye ubeti, aingie kwenye kiitikio. Kiitikio kinasikika kikubwa kwa sababu ubeti ulikuwa mdogo, basi. Watu wanajaza ubeti wote kisha wanashangaa mbona kiitikio hakipandi.

Hatua hii ifungwe kabla ya kurekodi kwa umakini. Andika kwenye karatasi: nani anacheza wapi, nani ananyamaza wapi.

Kurekodi

Tengeneza kiolezo cha mradi mara moja: treki zina majina na rangi, ngoma zina kundi lao, sauti zina kundi lao, riverbu fupi moja, ndefu moja, dileyi (mrudio wa sauti) moja, vyote vimeshaunganishwa. Wazo likija unafungua na kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta inaikusanya kabla ya kuichakata) ishushe wakati wa kurekodi. Kwa sampuli 128 kwenye 44.1 kHz ucheleweshaji wa bafa ni kama milisekunde 3, na mwimbaji hasumbuki. Kwa 1024 ni milisekunde 23, hapo anasikia mwangwi wake na anaanza kuchelewa. Wakati wa kumiksi ipandishe, kompyuta ipumue.

Geini (kiwango cha sauti inayoingia): rekodi kwa biti 24 na acha nafasi. Kinadharia biti 24 zinakupa upana wa desibeli 144 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, wakati biti 16 ni 96. Hakuna sababu ya kuifukuzia taa nyekundu. Vilele vikigonga -12 hadi -10 hivi kwenye mita, umemaliza.

Maiki ya kondensa (inayonasa hata sauti ndogo) kwenye chumba kitupu inakuletea chumba kizima. Isogelee. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inayoifikia maiki moja kwa moja inaongezeka kama desibeli 6 lakini mwangwi wa chumba unabaki karibu pale pale. Usizidishe tu, maana maiki nyingi za kuelekeza upande mmoja zinavimbisha besi ukizikaribia sana. Na kama chumba hakisaidiki, maiki ya dainamiki iliyo karibu na mdomo itakupa kazi safi kuliko kondensa ya bei mbaya.

Chumba

Hapa ndipo besi inapotudanganya. Chukua kasi ya sauti hewani, mita 343 kwa sekunde, gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili. Chumba cha mita 3 kinakupa kama 57 Hz. Frikwensi hiyo inavimba ukutani na kwenye kona, na katikati kabisa ya chumba inakaribia kupotea. Sasa fikiria umekaa katikati na besi inapiga noti ya 55 Hz: huisikii, unaipandisha, na kwenye gari inapasua spika. Usikae katikati. Anzia karibu asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta ulioutazama, kisha sogea mbele na nyuma huku unasikiliza.

Sponji jembamba la ukutani linanyonya makali tu. Besi inataka unene, sufi ya mawe ya sentimita 10 na kuendelea, hasa kwenye kona.

Miksi

Sasa ndiyo miksi, na kwa utaratibu huu itakuwa fupi. Feda (vitelezi vya sauti vya kila treki) peke yake kwanza. Mono (kushoto na kulia vimeunganishwa kuwa kimoja), sauti ya chini ya kiasi cha kuongea juu yake. Hakuna plagini mpaka wimbo ueleweke hivyo. Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sikio linapokea besi na makali tofauti kadiri sauti inavyopanda au kushuka. Ukimiksi kwa kelele kila kitu kinasikika kimejaa, na asubuhi ukikisikiliza kwa sauti ndogo kimekonda.

Weka na wimbo wa rejea (uliokwisha kutoka, wa kujilinganisha nao) ndani ya mradi, uushushe mpaka ulingane na wako kwa sikio. Ule umeshamastiwa (umepitia hatua ya mwisho baada ya miksi), una kelele zaidi, yaani sauti kubwa zaidi, na kitu chenye kelele hata kwa desibeli 1 sikio linakiona bora. Hii inahusu na plagini zako pia: nyingi zinaongeza kelele kidogo zikiwashwa, unadhani zimefanya maajabu.

Nimeishia hapo kwanza. Maswali yaje.

---

#2

Mkuu umemwaga madini. Swali: mimi nina hedifoni tu, majirani ukuta kwa ukuta, spika haiwezekani. Hii ya chumba hainihusu, sivyo? Nifanyeje na besi?

---

#3

> mimi nina hedifoni tu

Kwa kweli una nafuu upande wa besi kuliko mwenye spika kubwa kwenye chumba kibaya. Hedifoni za mgongo wazi zinavuja kwa hiyo usirekodie sauti nazo, lakini kumiksia ni nzuri.

Matatizo yako ni mawili. La kwanza ni upana: sikio la kushoto halisikii kabisa kitu cha kulia, kwa hiyo ala ulizotupa pembeni zinaonekana pana kuliko zilivyo, na sauti ya katikati inakaa ndani ya kichwa. La pili ni riverbu. Kwenye hedifoni inasikika hata ikiwa kidogo, unaiweka kwa woga, na kwenye spika inatoweka.

Dawa yake ni kuangalia mono mara kwa mara na kupeleka miksi kwenye simu, spika ndogo ya bluetooth, gari, chochote unachokifahamu kwa kusikilizia nyimbo za watu. Besi isipoonekana kabisa kwenye simu, usiipandishe. Iongezee uchafu kidogo kwa plagini ya kuunguza (saturation) ili ipate sauti kwenye 700 Hz hadi 1 kHz. Spika ya simu haiwezi kutoa 50 Hz hata uilazimishe.

---

#4

Naomba kupinga hoja kidogo. Mleta uzi anawaza kama mpiga gitaa. Sisi wa biti wimbo unazaliwa kwenye sauti yenyewe. Ile sinthi ikishapitishwa kwenye dileyi ndiyo inanipa melodi. Nikikaa na kinanda kikavu sipati kitu. Ukiniambia nisiguse plagini wakati wa kutunga umeniua. Na kuna wasanii hawaandiki kabisa, wanaingia kwenye maiki wanaimba maneno yasiyo na maana, kisha wanayajazia maneno ya kweli.

---

#5 – Mleta uzi

> Ukiniambia nisiguse plagini wakati wa kutunga umeniua

Hoja ina uzito. Dileyi inayozalisha melodi ni ala, iache. Hata ihesabu kwa mwendo wa wimbo, 60,000 gawanya kwa BPM (mapigo kwa dakika): kwa BPM 100 pigo moja ni milisekunde 600, nusu yake 300. Kisha ichape iwe faili la sauti, zima plagini, endelea. Ninachokataa ni kufungua ikwalaiza kuikata sinthi hiyo 300 Hz wakati kiitikio hakipo.

Na kuimba maneno matupu ni mbinu halali kabisa. Ila wakati wa kujaza maneno, angalia mkazo ulioimba. Ulichoimba kama "la-LA-la" kinataka neno la silabi tatu, mkazo katikati: "mapenzi" linaingia lenyewe.

Kinachowamaliza watu wa biti kwa maoni yangu ni lupu, kipande kinachojirudia. Umetengeneza mapigo 32 matamu, kwa BPM 96 hizo ni sekunde 20. Unaisikiliza usiku kucha, unaipaka rangi, na wimbo haupo. Lupu ikishakupendeza, ikokote mpaka dakika 3 hapo hapo, halafu anza kufuta. Futa kiki hapa, futa besi pale, acha sauti peke yake sehemu moja. Mpangilio unapatikana kwa kufuta haraka kuliko kwa kuongeza.

---

#6

Hapo kwa lupu umenigusa, faili zangu zote zinaitwa "biti mpya mpya 2".

Sasa mimi swali langu ni kumasta. Wengine wanasema -14 LUFS, wengine wanasema piga hadi -8. Nani mkweli?

---

#7

> Wengine wanasema -14 LUFS

Naomba nijibu hili. LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, kimetoka kwenye kiwango cha ITU-R BS.1770. Spotify kwa kawaida inasawazisha nyimbo kuelekea -14. Apple Music mtu akiwasha Sound Check ni kama -16. YouTube inashusha zilizozidi, lakini iliyo chini haiipandishi.

Maana yake ukipiga -8 watakushusha, na kilichobaki ni ule mbano ulioutengeneza, bila kelele uliyoitafuta. Hata hivyo usije ukaigeuza -14 kuwa amri. Kuna muziki unaotaka mbano, ngoma zikiwa zimeganda pamoja ndiyo ladha yake, na ukiulegeza hadi -14 unakufa. Masta mpaka wimbo usikike vizuri ukiwa umelinganishwa na wa rejea kwa kelele ile ile, kisha soma namba ilikoangukia. Kilele cha kweli kiache kwenye -1 dBTP, kwa sababu faili likibanwa kuwa MP3 au AAC vilele vinapanda kidogo.

Na kama limita (kizuizi cha vilele) inakula desibeli 6, 7, rudi kwenye miksi. Karibu kila mara ni kiki na besi zinapiga kwa wakati mmoja kwenye frikwensi moja. Amua nani anamiliki sakafu. Kiki akikaa 50 hadi 60 Hz, besi mpe nguvu yake 80 hadi 100 Hz, au besi ashuke kidogo kila kiki akipiga.

---

#8

Wakuu, "s" na "sh". Mleta uzi alizitaja akaziacha. Sauti ya mwanadada wangu ni nzuri ila kila "siku", "shida", "sasa" inatoboa sikio. Nimeweka kizuia-s, nikikaza anaonekana ana kithembe.

---

#9 – Mleta uzi

Anza kabla ya plagini. Zungusha maiki kidogo isitazame mdomo moja kwa moja, ielekee shavuni au juu kidogo. Hewa ya "s" inatoka kama mshale mwembamba, ikikosa maiki umepona nusu. Hii inasaidia na "p" na "b" pia.

Kama tayari umerekodi, pitia treki kwa mkono. Kata kila "s" inayochoma kiwe kipande chake, kishushe desibeli 4 au 5. Kwa wimbo wa dakika 3 si kazi ya kutisha, na unaposhusha kipande hugusi maneno mengine, kithembe hakiji. Fanya hivyo kabla ya kompresa. Kompresa yenye mshiko (attack) wa polepole inapitisha "s", inaibana irabu inayofuata, na matokeo yake "s" inazidi kuonekana. Wengi wanaunda tatizo kwa kompresa kisha wanalitibu kwa kizuia-s.

Kizuia-s kije mwishoni, laini, kati ya 5 na 8 kHz, kwa waimbaji wengine wa kike juu zaidi. Angalia na riverbu: "s" ikiingia kwenye riverbu inaacha mkia unaosikika kila mahali. Kwenye njia ya kuingilia riverbu kata chini ya 500 au 600 Hz na juu ya 8 hadi 10 kHz. Utashangaa jinsi miksi inavyosafika.

---

#10

Mimi tatizo langu ni kumaliza. Nina miksi toleo la sijui ngapi, kila nikisikiliza naona kitu.

---

#11

> kila nikisikiliza naona kitu

Kwa sababu unasikiliza ukiwa na panya mkononi. Toa faili, ondoka mezani, sikiliza kwa simu ukitembea, mwanzo hadi mwisho bila kusimamisha. Andika kinachokukera na dakika yake. Kesho fungua mradi, rekebisha yaliyoandikwa tu, toa faili, funga. Jambo ambalo halikukukera mbali na skrini usiliguse, hata kama kwenye skrini linaonekana baya.

Orodha ikirudi na mambo kama "kinanda nusu desibeli", mpe mtu mwingine asikilize, usimwambie chochote. Mtazame anapoanza kuongea au kushika simu yake. Pale ndipo penye kasoro, na mara nyingi utakuta ni ubeti wa pili umerefuka.

---

#12

Nakazia #11. Na hapo kwenye ubeti wa pili, ukiukata nusu, kata na automesheni zake (mabadiliko ya sauti uliyoyapanga yajiendeshe). Kuna programu zinaacha automesheni ya sauti mahali pa zamani ukisogeza vipande, kiitikio kinakuja kimenyamazishwa na unadhani kompyuta imeharibika. Kwenye REAPER (programu ya kurekodi) kuna chaguo la kufanya automesheni ifuate vipande, liwashe kabla ya kukata.

---

#13

> liwashe kabla ya kukata

Daah, kumbe ndiyo hiyo. Nilikuwa nataka kufomati mashine. Mleta uzi, ukipata muda tuletee na ya kuimbia sauti mbili: mimi nainakili ile ile naisogeza milisekunde 15 na kuzitupa kushoto na kulia.

---

#14 – Mleta uzi

Bonyeza mono usikie. Nakala ya treki ile ile iliyosogezwa kidogo inafuta baadhi ya frikwensi zikikutana, sauti inakuwa ya bombani. Mwimbishe tena mara mbili zaidi, moja kushoto, moja kulia, ya katikati ibaki peke yake juu. Kwenye zile za pembeni mwambie asitamke "s" na "t" kwa nguvu, vinginevyo utasikia konsonanti tatu zinafuatana. Ubeti usiziweke kabisa, ziingie kwenye kiitikio.